Mizigo ya Jumamosi

Kwihara ya miaka ile ya Mwingereza ilitambua sababu mbili tu za mtu mzima kutembea: ama anapeleka kitu, ama anakwenda kukichukua. Aliyetembea bila moja ya hizo aliitwa mzururaji, na mzururaji aliulizwa stakabadhi ya kodi; akiikosa, alilala ndani. Sheria hiyo hakuitunga mtu wa Kwihara, lakini watu wa Kwihara waliipenda kuliko hata wale walioitunga.

Sasa fikiria ilivyokuwa Alois Magohe alipoajiriwa kutembea.

Alois alikuwa na miaka hamsini na kitu, mkulima wa karanga na mihogo, Mkatoliki wa kukaa benchi la tatu, mume wa Josepha, na baba wa binti mmoja aliyekuwa bado nyumbani, Imakulata. Marehemu baba yake alikuwa mpagazi wa misafara. Alikwenda pwani na pembe za ndovu mara tatu, na mara tatu akarudi na miguu yote miwili, jambo ambalo si kila mpagazi aliweza kujisifia. Alois mwenyewe, ujanani, alibebeshwa masanduku ya risasi katika vita vya Mjerumani mpaka bega lake la kulia likakaa chini ya la kushoto na kugoma kurudi. Ukoo ule wote ulikuwa umetembea. Ila hakuna hata mmoja wao aliyetembea bure.

Balaa lilikuja kwa basi. Hilali bin Darwesh, Mwarabu wa Tabora mwenye duka la vitambaa na basi moja la bodi ya mbao, alifuatwa na Wazungu wa mjini wakimtaka awapeleke Kwihara kila Jumamosi asubuhi na kuwarudisha jioni. Walikuwa wameunda chama. Nia ya chama ilikuwa kupanda basi, kushuka basi, kupanda kilima, kushuka kilima, kisha kupanda basi tena. Hilali aliwauliza kama wamemaliza kueleza. Wakamwambia wamemaliza.

Mkubwa wao alikuwa mama mwembamba wa uso mwekundu, aliyetembea na fimbo mbili, moja kila mkono, kwa hiyo Kwihara ikamwita Bibi Fimbo na jina lake la kwao likapotea siku hiyohiyo. Alimwomba mwanangwa, mkuu wa kijiji, mtu anayejua njia za kilimani. Mwanangwa akamtaja Alois kwa sababu ya baba yake, kana kwamba kujua njia hurithiwa kama pua. Ukweli ni kwamba Alois alikipanda kilima kile mara moja tu, akiwa na miaka kumi, akitafuta mbuzi. Lakini ujira ulikuwa mzuri, karanga za mwaka ule zilikuwa zimeungulia shambani, na nyumbani kulikuwa na harusi inayokuja.

Hapo pa harusi ndipo penye jambo lenyewe. Imakulata alikuwa amechumbiwa na Dionis, fundi cherehani wa Lusu, upande wa Nzega. Walionana misheni siku ya sikukuu ya kipaimara, na tangu siku hiyo Imakulata aliunguza ugali mara tatu bila kuomba radhi. Lakini Lusu ni mbali, na watu wa mbali hawaoi kwa kuambiwa. Walimtuma mshenga wao, Benedikta, mama wa makamo mwenye ndugu zake Kwihara, akae pale mwezi au miwili, anywe togwa, asaidie kupura mtama, na katika kusaidia huko aulize taratibu kama ukoo wa Magohe una kichaa, uchawi au uvivu. Neno la Benedikta ndilo lingeamua. Imakulata alilijua hilo, na alikuwa amempenda kijana yule kwa moyo wake wote. Alikuwa akimsalimia Benedikta kwa kupiga magoti hata pale ambapo mwenzake alikuwa amempa mgongo.

Jumamosi ya kwanza Alois alitangulia mikono mitupu, Wazungu saba nyuma yake. Walipanda kwa saa moja na nusu. Kileleni Bibi Fimbo alisema neno, wenzake wakalikubali, wakanywa chai ya thamosi, wakala mayai ya kuchemsha, na maganda wakayafunga kwenye karatasi wakarudi nayo. Alois alisubiri. Alidhani sasa watachukua walichokifuata: kuni, asali, mawe ya kujengea. Hawakuchukua hata jani.

"Walifuata nini kule?" alimwuliza Hilali walipofika kwenye basi.

"Kupunga hewa."

"Ya mjini imekwisha?"

Hilali akawasha injini. Yeye alikuwa mfanyabiashara, na abiria wa hewa alilipa nauli ileile ya abiria wa mahindi.

Nyumbani Josepha alikuwa amesimama mlangoni. "Nyamizi ameniuliza kisimani mume wangu anaumwa nini," alisema.

"Siumwi."

"Ndivyo nilivyomjibu. Akasema basi ni lile lingine."

Lile lingine halikuhitaji maelezo. Mtu anayepanda kilima mikono mitupu na kushuka mikono mitupu, ama akili imemtoka, ama anayatazama mashamba ya wenzake kutoka juu kwa nia isiyosemeka. Vyote viwili huingia kwenye damu ya watoto. Na Benedikta alikuwapo kisimani, ndoo imejaa zamani, hana haraka ya kuondoka.

Imakulata aliacha kutwanga. "Baba, iache kazi hiyo."

"Nimekwisha kula ujira wa mwezi mzima, mwanangu."

"Basi beba kitu," akasema Josepha. "Chochote. Watu wakuone una safari."

Lilikuwa wazo la busara, na kama mawazo mengi ya busara, halikufikiriwa zaidi ya Jumamosi moja. Swali likawa abebe nini. Pamba ilikuwa nyepesi, na mtoto wa mpagazi hawezi kuonekana amebeba mzigo unaopeperuka. Mahindi yangezua maswali, maana nani anapeleka mahindi mahali pasipo na mtu? Mwishowe Alois alikwenda mtoni, akajaza mchanga katika gunia, akalizungushia mkeka mkuukuu, akalifunga kwa kamba za magome ya miyombo, mafundo yale yale aliyofundishwa na baba yake. Lilipokaa begani alijisikia mtu. Tangu vita hakuwa amejisikia hivyo, na sitamcheka kwa hilo, maana kuna watu wenye ofisi na viti vya kuzunguka ambao hawajawahi kujisikia hivyo hata siku moja.

Jumamosi ya pili alipita kisimani na mtumba wake, Wazungu nyuma.

"Shikamoo, baba," alisema Benedikta. "Mzigo huo wa wapi?"

"Marahaba. Unakwenda."

Ilitosha. Wanawake walitikisa vichwa kwa heshima. Tatizo lilimkuta kileleni, pale alipotaka kushuka. Mzigo uliopanda ukishuka vilevile ulivyo, maana yake umekataliwa na aliyepelekewa, na hakuna aibu ya mpagazi iliyo kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo aliuacha juu, pembeni ya jabali, na Jumamosi iliyofuata akaja na mwingine. Na iliyofuata, na iliyofuata.

Bibi Fimbo, ambaye hakuacha jambo lipite bila kuliandika, alimwuliza siku moja njiani, "Alois, mizigo hii, ni desturi?"

Alois alikuwa na mchanga begani na mwinuko mbele yake. Katika hali hiyo mtu hujibu lile litakalomaliza mazungumzo. "Ndiyo, Memsabu. Desturi."

Baada ya wiki chache chama kilipiga chapa kijitabu cha matembezi kumi ya vilimani yanayofikika kwa basi kutoka Tabora mjini. Hilali, aliyekuwa na Kiingereza cha dukani, alimsomea Alois ukurasa wa Kwihara akiwa ameegemea tairi. Basi huondoka saa mbili asubuhi. Vaeni viatu vigumu. Njiani litazameni tembe la udongo alilokaa yule msafiri wa Kizungu wa zamani. Na kwa heshima ya desturi ya kale ya Wanyamwezi, kila mtembeaji abebe mzigo wake mwenyewe na kuuacha kileleni.

"Desturi ya nani?" aliuliza Alois.

"Yako," alisema Hilali. "Imeandikwa hapa."

Jumamosi iliyofuata Kwihara iliacha majembe ikaja kusimama kando ya barabara. Tangu Mzungu aingie nchi ile hakuna aliyekuwa amemwona akibeba mzigo wake mwenyewe, na sasa walishuka kumi na wawili, kila mmoja na wake, wakitokwa jasho na kutabasamu. Bwana mmoja wa reli alibeba debe la biskuti lililojaa kokoto. Mama mwingine alimleta mpishi wake ambebee, akaambiwa na Bibi Fimbo kwamba hiyo siyo desturi. Mpishi akakaa kivulini kutwa nzima, na nadhani ndiye peke yake aliyepunga hewa siku hiyo. Wazee waliokuwa wamebebeshwa vitani waliomba viti wakae wautazame msafara upite, na ulipopita wakaomba uambiwe urudi.

Lakini kijiji kinachotazama ni kijiji kinachofikiri. Kama Wazungu wenyewe wanabeba, walisema, basi kilichomo si kitu kidogo. Mmoja akasema ni chumvi, inafichwa kwa sababu vita vingine vinakuja. Mwingine akasema ni rupia za Mjerumani. Nyamizi akasema yeye hasemi, ila aliona mkunjo wa mkeka na ndani ya mkunjo kulikuwa kunang'aa. Na mchanga wa mto ule kweli una chembe zinazong'aa, hakudanganya. Benedikta alimaliza togwa lake, akapanda basi akaenda Lusu, na huko akatoa taarifa kwamba ukoo hauna kichaa, hauna uchawi, na kuhusu uvivu aliona haya hata kuuliza: mali ya baba wa binti haitoshi nyumbani mwake, anaihifadhi kilimani, na Wazungu ndio wanaomsaidia kubeba.

Lusu ikaingiwa na hofu. Raymundi, baba yake Dionis, alituma salamu kwamba wanaongeza ng'ombe juu ya wale waliokubaliwa, ili wasionekane wamemdharau mtu mzito. Josepha alipozisikia salamu hizo alikaa chini.

"Baba," alisema Imakulata, "mimi namtaka Dionis, sitaki ng'ombe wa uongo. Siku watakayojua ni mchanga watasema ukoo huu ni wa matapeli, watamtafutia mwingine. Waambie sasa."

"Nikiwaambia watasema baba yako alibeba mchanga mlimani kila Jumamosi bila sababu."

"Si ndivyo ulivyofanya?"

Ulikuwa mtego ambao Alois alijitegea mwenyewe kwa kamba nzuri na mafundo ya baba yake, na aliona wazi kwamba atakayenaswa ni mtoto wake.

Hakupewa nafasi ya kufikiri sana. Jumamosi ya pili baada ya hapo basi la Hilali lilisimama, wakashuka Wazungu na mizigo yao, na nyuma yao akashuka mzee mrefu mwenye koti jeusi la kanisani, na mama mfupi mwenye macho ya kuhesabu vitu. Walikuwa Raymundi na dada yake, Koleta. Salamu zilichukua muda wake wa kawaida, za nyumbani, za mifugo, za mvua.

"Tumesikia watu wanapanda kilima," alisema Raymundi mwishoni. "Tumeona na sisi tupande."

Imakulata alikuwa ameleta maji ya kunywa. Alipompa baba yake kibuyu alimwinamia. "Waambie kabla hawajafika juu," alimnong'oneza. "Wakijionea wenyewe, nimekwisha." Maji ya kibuyu yakamwagikia miguu ya Alois.

Aliahidi. Na njiani alijaribu, Mungu anajua. Kwenye mbuyu mdogo alifungua kinywa, Koleta akauliza ile ni miti gani. Kwenye mwamba wa kwanza alifungua tena, pumzi ikakataa, maana begani alikuwa na gunia zima la jambo lenyewe analotaka kulisema. Kabla hajapata nafasi ya tatu walikuwa wamefika.

Mizigo ilijaa kileleni. Ya Alois peke yake ilikuwa safu mbili, imepangwa vizuri, na ya Wazungu imetupwa tupwa kuizunguka. Koleta aliizungukia yote. "Kaka," alisema, "hii si mchezo." Raymundi alivua kofia.

Alois aliutua mzigo wa siku ile. Hakungoja kuombwa. Alipiga goti, akalegeza mafundo moja moja, akaukunjua mkeka, akafungua mdomo wa gunia, na mchanga ukamiminika kwenye jabali.

"Ni mchanga, mzee mwenzangu," alisema. "Yote. Niliajiriwa kutembea, nikaona haya kutembea mikono mitupu mbele za watu. Sikukusudia kumdanganya mtu wa Lusu. Nilikusudia kumdanganya Nyamizi wa kisimani, likanizidi. Ng'ombe wenu wa nyongeza siwataki. Binti yangu hana kosa lolote; tangu mwanzo alinikataza. Kama mna hasira, iishie kwangu."

Koleta alichota mchanga kiganjani akautazama kama anayetafuta kilichomo. Upande wa pili Wazungu walikuwa wakimenya mayai. Raymundi alikaa juu ya mzigo mmoja, ukatoa sauti ya mchanga.

"Mimi nina jembe," alisema.

Hakuna aliyemwelewa.

"Nyuma ya kwangu kuna mwamba. Jioni hukaa pale nikatazama ng'ombe wakirudi kutoka mbugani. Wakirudi kwa safu, na vumbi lao, na jua upande ule. Sijui kwa nini. Napenda tu. Basi kila jioni huchukua jembe begani, nikapita kwa watu, nikaenda nikakaa."

"Shamba lile la mwambani?" aliuliza Koleta.

"Hakuna shamba."

"Na mtama uliokuwa ukiliwa na ndege kila mwaka?"

"Haukuwapo, dada."

Koleta alimtazama kaka yake kama mtu aliyeletewa mgeni nyumbani kwake. "Miaka kumi na moja nimewaombea ndege wale wafe," alisema polepole, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na alipocheka, alicheka mpaka Bibi Fimbo akageuka. Raymundi naye akacheka, na Alois, bado amepiga goti, akajikuta machozi yanamtoka, na si ya kicheko peke yake. Alikuwa amefika juu akiwa ameiua harusi ya mtoto wake, na sasa aliona haijafa.

Walikubaliana palepale. Ng'ombe ni wale wa mwanzo, harusi ni baada ya mavuno. Kisha Koleta, aliyekuwa na akili kuliko wazee wote wawili, akauliza swali ambalo hawakuliona. "Na mimi nikirudi Lusu niseme niliona nini? Ukoo mzima umetuchangia nauli tuje tuione mali."

Raymundi alikuna kidevu. Kusema ni mchanga ilikuwa kumwaibisha mkwe. Kusema hawakuona kitu ilikuwa kujiaibisha mwenyewe. Aliitazama safu ile, akachagua mzigo mmoja uliofungwa vizuri kuliko yote, akauegesha begani kwenye koti lake jeusi. "Tutasema tumepewa zawadi," alisema. "Na kwamba zawadi ya mkwe haifunguliwi."

Bibi Fimbo aliwaona wakishuka nao, akatoa daftari. Katika toleo la pili la kijitabu iliandikwa kwamba mgeni wa heshima huruhusiwa kurudi na mzigo mmoja.

Mzigo ulifungwa juu ya basi, kwenye keria, ukaenda Lusu. Baada ya mavuno Imakulata naye akapanda basi lilelile, na gauni lililoshonwa na Dionis mwenyewe. Chama hakikudumu sana Kwihara. Mizigo ilizidi mpaka pakakosekana pa kukaa kunywa chai, wakahamia kilima kingine chenye basi jingine, na Alois akaachishwa kazi kwa barua ya shukrani.

Mwaka uliofuata, siku ya Jumanne, Hilali alileta barua kutoka Lusu akamsomea Alois na Josepha akiwa amekaa kwenye ngazi ya basi. "Baba na Mama, shikamooni. Sisi wazima. Dionis ananitunza. Mama mkwe ameuweka ule mzigo chumba cha mbele juu ya mkeka mpya, na wageni wakija huonyeshwa. Mimi sina ruhusa ya kuugusa, naufagilia kando. Nikifagia baba mkwe hutoka nje. Sina shida. Ila huku ni mbali, Baba."

Josepha aliichukua barua akaikunja ndani ya khanga. Alois alisimama, akaifuata njia ya kilimani, mchana kweupe, mikono ikining'inia ubavuni kama vitu asivyojua vya nani.

Kisimani Nyamizi alimsimamisha. "Mzee Alois, unapeleka nini leo?"

"Sipeleki."

"Unafuata nini basi?"

"Sifuati kitu. Nakwenda kumwangalia mwanangu."

Nyamizi aliweka ndoo chini. "Lusu haionekani kutoka kule."

"Najua," alisema Alois, akaendelea kupanda.